Moshi wa Hamamu ya Ba Allal

Ghizlan alikuwa akitembea kinyumenyume sokoni Bab Dukkala, macho juu, akihesabu mabomba ya moshi juu ya mapaa, ndipo alipomgonga kijana aliyebeba mitungi minne ya tanjia. Nyama ilinusurika. Kilichomwagika ni mafuta ya zaituni, tena kwenye jelaba ya kijani ya Ghizlan, kanzu iliyotoka kwa fundi wiki hiyo hiyo.

"Samahani, lalla," kijana alisema. "Ila wenzio njia huitazama kwa mbele."

"Na wenzio hubeba mitungi miwili miwili."

Alikuwa mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, masizi kwenye nyusi. Ghizlan alitaka kukasirika akashindwa.

"Hicho kisanduku mkononi mwako ni cha nini?" kijana aliuliza.

"Kinapima moshi."

"Si kuna pua?"

"Pua haiandiki."

Kijana alicheka. Jina lake Zuhair, na baba yake, Ba Allal, ndiye mchochea moto wa hamamu, bafu la watu wote mtaani. Mitungi ile ilikuwa ya wateja, ifukiwe majivuni mwa tanuri, nyama iive taratibu hadi jioni. Ghizlan alisomea ufundi wa umeme, na yeye na vijana sita wa mtaa walikuwa wameingia shindano la jiji: pimeni hewa yenu, kisha leteni dawa yake. Kabla tanjia haijaiva, kisanduku kilikuwa kimefungwa juu ya paa la hamamu, na Zuhair alikuwa na namba ya simu ya Ghizlan.

"Halo," Zuhair alimpigia asubuhi. "Pua yangu imeamkaje?"

"Pua yako ina njaa."

"Njoo basi. Leo kuna mtungi umebaki, mwenyewe kasafiri."

"Mwongo wewe. Umenunua."

"Nimenunua, roho yangu. Njoo."

Ikawa hivyo wiki nyingi, wakakolea kama chai ya mnanaa.

Mwezi wa saba vijana walikaa kuandika taarifa. Kwenye mchoro wa vipimo, siku moja moshi ulikuwa umepanda mara tatu: tarehe kumi na saba Juni. "Matairi hayo," alisema Rabab, rafiki yake Ghizlan. "Kuni zikipanda bei wachochea moto huchoma matairi, nani asiyejua?" Ghizlan alisita kidogo, lakini muda ulikuwa umekwisha. Akaandika kwamba siku hiyo tanuri la hamamu lilichoma matairi, akatuma. Wiki iliyofuata mlangoni mwa hamamu palibandikwa karatasi: itafungwa baada ya siku kumi.

Simu ililia.

"Umeandika wewe?"

"Zuhair, kipimo hakidanganyi."

"Sikuulizi kipimo, nakuuliza wewe. Ulimwona baba na tairi?"

Ghizlan alianza kutaja mchoro, Zuhair hakungoja.

"Miaka thelathini na mbili yuko kwenye shimo lile. Ungeuliza tu, Ghizlan. Mlango wetu hauna hata kufuli."

Akakata. Ghizlan alipiga mara saba, haikupokelewa. Alilia, kisha akanawa uso, akaenda mwenyewe.

Ba Allal alikuwa ameketi kwenye kreti mbele ya moto, akikohoa na kusukuma maranda ya mbao tanurini. Alimmiminia chai kana kwamba hakuna lililotokea, na hilo lilimuumiza Ghizlan kuliko matusi.

"Ba Allal, tarehe kumi na saba Juni ulichoma nini?"

"Hizo tarehe zenu mimi sizijui, binti yangu. Nachoma maranda, kila siku. Tanuri hili halilali, ila Idi. Idi hata sultani akija kuoga ataoga maji baridi."

Ghizlan alifungua kalenda ya simu. Tarehe kumi na saba Juni ilikuwa mwezi kumi Mfunguo Tatu. Idi Kubwa. Siku hiyo yeye alikuwa mji wa Safi kwa bibi yake, na kisanduku kilibaki peke yake juu ya paa, huku chini, kila uchochoro, vijana wakibanika vichwa vya kondoo juu ya chaga za vitanda vikuukuu. Kisanduku kiliandika kweli. Mwongo alikuwa yeye.

"Ukisema, tumeshindwa," Rabab alimwonya.

Jumamosi, mbele ya ukumbi wa shindano uliojaa, Ghizlan alisema. Alimtaja Ba Allal kwa jina, akamwomba radhi. Tuzo ilikwenda kwa wengine. Amri ya kufunga ikafutwa, lakini mwamuzi mmoja aliongeza: siku nyingine nazo moshi umezidi, hamamu ina miezi mitatu kuupunguza.

Zuhair aliinuka kwenye viti vya nyuma. "Tanuri lipo," alisema. "Anayetaka kuliachisha sigara aje kesho na nguo kuukuu."

Nje alimngoja. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Kesho njoo hata hivyo."

Walikuja wote saba. Waliacha maranda, wakawasha kokwa za zaituni zilizosagwa, na moshi wakaupitisha kwenye pipa la maji kabla haujapanda bombani. Mara ya kwanza maji yalirudi yakazima moto, na wanawake wenye sabuni vichwani wakagonga ukuta kwa ndoo, wakiwatakia vijana wale kila balaa. Mara ya pili pipa lilivuja. Ya tatu lilikubali. Kufikia mavuno ya zaituni moshi haukufika nusu ya ule wa zamani, na Ba Allal alisimulia kisa cha kuchekesha hadi mwisho bila kukohoa, wote wakasahau kucheka kwa kusikiliza kifua chake.

Jioni hiyo simu ya Ghizlan ililia.

"Mama amenunua koni mbili za sukari."

Ghizlan aliketi kitandani. Sukari ya koni hainunuliwi kwa ajili ya chai tu. Hupelekwa kwa watu wenye binti, kumposa.

"Za nani?"

"Kaniuliza azipeleke nyumba gani. Nikamwambia sisemi kitu kabla sijamuuliza mwenyewe."

"Zuhair."

"Nauliza."

Alisikia pumzi zake upande wa pili, za mtu anayeogopa.

"Alhamisi," Ghizlan alisema. "Baba huwa yupo."