Aliyebonyeza kwa Niaba ya Mama Pasi

Mashine ya alama za vidole ililia kabla kidole cha Mama Pasi hakijaigusa.

Ulikuwa ule mlio mwembamba wa kukubali, na taa ya kijani ikawaka chini ya kioo. Mama Pasi alikuwa bado anajifuta mkono kwenye gauni. Alimtazama wakala, lakini wakala hakumtazama yeye. Alikuwa ameshageukia karatasi iliyokuwa inatoka.

Wakala huyo wa benki watu walimwita Haraka, na hakuna aliyewahi kulitaja neno baraka karibu na jina lake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, mashine kwenye kaunta, na foleni iliyofika barabarani. Mama Pasi alikuwa dobi. Miaka yote ya sabuni na dawa za madoa ilikuwa imezila ncha za vidole vyake mpaka zikawa laini kama kisigino cha mtoto mchanga, mistari hakuna. Alikuja kuandikisha vidole kwa sababu namba ya siri ilikuwa imemshinda. Kila akiibadilisha huisahau. Haraka akambonyezesha kidole gumba, akambonyezesha cha shahada, akarudi kwenye gumba. "Tena mama, tena, kwa nguvu!" Kioo kikakataa. Foleni ikaanza kuguna. Ndipo Haraka, mtu wa mzaha usio na breki, akapaza sauti.

"Jamani, mwenye kidole kizima, popote alipo, aje amuwekee mama huyu tuendelee na kazi!"

Watu wakacheka. Mama Pasi naye akacheka, maana aibu ikikuzidi ni bora ucheke nayo.

"Na aje," alisema. "Nimemruhusu."

Hapo ndipo mashine ilipolia.

"Tumepata," Haraka akasema. "Kidole chako kimeingia."

"Lakini mimi sijaweka kitu."

"Mama, kimeingia. Mwingine!"

Mwenye akili angegoma palepale. Lakini mtu akiwa na foleni mgongoni, akili yake nayo husukumwa. Mama Pasi akachukua karatasi yake akaenda zake, akijiambia kwamba mashine za siku hizi zina miujiza.

Kesho yake, mikono ikiwa kwenye beseni mpaka viwikoni, simu yake ikalia juu ya rafu. Akajipangusa, akasoma. *Kidole kimetambuliwa. Karibu tena.* Akatazama vidole vyake vilivyokuwa vinachuruzika povu. Vilikuwa havijatambuliwa na mtu yeyote isipokuwa soksi za mteja.

Akadhani ni mtandao, ile sababu inayobeba dhambi za wote. Akaenda kupiga pasi. Kabla hajaiweka juu ya shuka alilowesha kidole gumba akaigusa upesi chini, kama afanyavyo kila siku ili aujue moto wake. Alisikia mlio wa maji yakikauka. Joto hakulisikia. Akagusa tena, akakaza kidogo, na kilichomshtua ni harufu: nyama yake ilikuwa inaungua na yeye hana habari.

Mtu mwingine angeshukuru kupona maumivu. Dobi hawezi. Mama Pasi aliijua hariri kwa kidole, akaujua uzi uliooza kabla haujachanika, akaijua pasi itakayoacha alama ya kahawia kwenye nguo ya harusi ya watu. Mikono ile ndiyo iliyomzika mume, ikalea watoto, ikamfanya asimpigie mtu magoti. Alikitazama kidole chake kilichovimba lengelenge, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane akaogopa.

Alirudi kwa Haraka.

"Mtandao," Haraka akasema, kama alivyotegemewa. "Bonyeza tujaribu."

Alibonyeza cha shahada. Taa ikawaka kijani, risiti haikutoka.

"Tena."

"Ya kwanza imekwenda wapi?"

"Mama, bonyeza tu, tutaangalia baadaye."

Akabonyeza cha kati. Kijani tena, na karatasi bado hakuna. Alipoinua mkono, vidole vile viwili havikuwa vyake tena. Aliving'ata, akaona alama za meno, asisikie kitu.

"Wewe mtoto," alimwambia Haraka taratibu, "umenitoa chakula cha nani?"

Haraka alipangusa kioo kwa kiganja, akaita, "Mwingine!"

Siku zilizofuata mambo yalitokea mchana kweupe, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Simu ililia, kidole kikafa. Ikalia, kikafa kingine. Chumba cha kufulia kikaanza kunuka nguo iliyoungua hata pasi ikiwa baridi. Halafu yakaja madoa. Juu ya shuka jeupe lililokwisha kunyooshwa, kwenye mikunjo ambayo mtu hajaigusa, zilitokea alama za vidole vyenye maji, na Mama Pasi alipoinama kuzitazama moyo ulimlipuka, kwa sababu alama zile zilikuwa na mistari, mistari mizima, imejikunja vizuri, na ile ya gumba ilikatwa katikati na kovu la pasi alilolipata akiwa msichana. Vilikuwa vidole vyake mwenyewe, vile vya zamani, kabla sabuni haijavila.

Alasiri moja mvua ilinyesha, akatundika mashuka ndani, safu kwa safu, chumba kizima kikawa vichochoro vya nguo nyeupe. Alikuwa anatundika la mwisho aliposikia kitu kikigonga upande wa pili wa chumba, polepole, kidole kwenye kioo cha dirisha, tip, tip, kisha kikagonga karibu zaidi, kwenye kitambaa ambacho hakiwezi kutoa sauti ya kioo lakini kilitoa, na shuka la kwanza likatikisika, na la pili, na la tatu, na harufu ya kuungua ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na shuka lililokuwa mbele ya uso wake likatokeza mkono, kiganja kimekaza kitambaa kutoka nyuma, vidole vimetanuka, virefu kuliko inavyofaa, na sauti ikasema kwa upole, na sauti hiyo ilikuwa yake, Mama Pasi, ile anayozungumza nayo na wateja wasiolipa:

"Kimebaki kidole kidogo cha kushoto. Nikikipata hicho, mimi ndiye mwenyeji wa mwili huu na wewe ndiye mgeni."

Alitamani kukimbia, na mlango ulikuwa wazi. Badala yake akashika beseni la maji machafu kwa mikono isiyosikia kitu akalimwaga lote juu ya lile shuka.

"Kwangu mgeni hunawa kwanza!" alipiga kelele.

Shuka likaanguka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikaa sakafuni, amekificha kidole kidogo cha kushoto kwapani, na akalia kwa hasira zaidi ya woga.

Alimtuma mtu akamwite wifi yake. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, mganga wa majini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, na utani wao ulikuwa wa miaka.

"Kaka yangu alikuoa una mikono," wifi alisema akivishika vile vidole baridi. "Leo unanionyesha mikono ya sanamu dukani?"

"Fanya kazi yako, wifi. Utanicheka nikipona."

Wifi hakucheka tena. Aliwasha ubani, akasoma aliyojifunza, akazunguka chumba. Moshi ulipofika kwenye kamba za mashuka ulisimama, kama umekutana na ukuta. Ile sauti ya upole ikatoka mle mle kwenye nguo.

"Mimi sikuvunja mlango. Niliitwa mbele za watu, nikaruhusiwa, nikaandikishwa."

Wifi akaweka chetezo chini.

"Ni kweli ulimruhusu?" alinong'ona.

"Ulikuwa mzaha."

"Hawa hawajui mzaha, wifi yangu. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu umemkaribisha, mwenyeji anaugua." Akajifuta jasho. "Angeingia kwa dirisha, ningemtoa kwa dirisha. Huyu ameingia kwa benki. Ubani wangu haufiki huko."

"Basi tunakwenda benki."

"Na kama…"

"Wifi, tunakwenda. Kwa mguu, sasa hivi, nikiwa bado na kimoja."

Kwenye tawi la benki walipokewa na mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mama Pasi alimweleza yote bila kuficha, na ajabu yule mwanamke hakutabasamu. Aliomba kitambulisho, akailinganisha picha na uso, akamuuliza jina la mama yake na siku aliyofungua akaunti, kisha akageukia kompyuta. Akaisoma mpaka chini, akarudi juu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hapa vimeandikishwa karibu vidole vyako vyote, siku tofauti tofauti. Na hiki cha kwanza hakina mkono. Si kulia, si kushoto. Nani alikiweka?"

"Hatumjui."

"Hapo ndipo kosa lilipo. Kidole hakiazimwi. Hata mwanao aliyetoka tumboni mwako asikuwekee chake. Na risiti isipotoka usibonyeze tena, uliza kwanza hicho ulichobonyeza kimefanya nini. Kila kubonyeza ni ruhusa."

"Hilo nimejifunza kwa ngozi yangu, mwanangu. Vifute."

"Vyote?"

Baridi ikampitia Mama Pasi shingoni. Harufu ya nguo iliyoungua ikatanda kwenye ofisi, na yule mwanamke akatazama dari kana kwamba kuna waya unaoungua. Ile sauti ilikuwa sasa ndani ya sikio la Mama Pasi, karibu kuliko hereni.

"Ukivifuta, nitaondoka navyo. Hutaisikia tena hariri. Hutaujua moto. Niachie, nitakufulia mimi, nitakupigia pasi mimi, wewe utapumzika. Hujachoka?"

Alikuwa amechoka, Mungu anajua. Alivitazama vidole vyake vilivyokaa mapajani kama vya mtu mwingine. Kisha akasema kwa sauti, watu wa dirisha la pili wakageuka:

"Bora nifue kwa viwiko! Niliyekuruhusu ni mimi, na ruhusa nimeivunja. Mwanangu, futa!"

Yule mwanamke akafuta. Taa za ofisi zikafifia, zikarudi.

"Sasa lazima tupate kimoja kilicho chako kweli," alisema. "Upesi."

Mama Pasi akakitoa kidole kidogo cha kushoto, kile ambacho maisha yake yote hukiinua pembeni anapofikicha nguo, tabia ambayo mama mkwe aliiita maringo. Mistari ilikuwepo, sabuni haikukifikia. Akakiweka kwenye kioo. Nyekundu. Akakaza zaidi, nyekundu tena. Chini ya kioo ukungu ulikuwa unatanda, na ndani ya ukungu ncha za vidole vingine zilikuwa zinasukuma kutoka upande wa chini, nyingi, zinagombea nafasi. Wifi alianza kusoma kwa kunong'ona.

"Usikikandamize kama unatoa doa," yule mwanamke akasema. Alikuwa ameziona pia, lakini alishikilia kazi yake, na Mama Pasi anamheshimu kwa hilo mpaka leo. "Kimekauka sana. Kioshe kwa maji ya vuguvugu, kikaushe, halafu mafuta kidogo sana." Akamsogezea kikombe chake cha maji ya moto, akachanganya na baridi, akamkatia kitambaa safi. Mwenyewe akakipangusa kioo, kwa nguvu, kama anamfuta mtu uso. "Sasa weka. Kilaze tu. Usikisogeze."

Mama Pasi akakilaza.

"Huyu ndiye mimi," alisema.

Kijani.

Kitu kilipiga kelele chini ya kaunta, si kwa sauti bali kwa harufu, moshi mzito uliopita mara moja ukaisha. Na papo hapo Mama Pasi naye akapiga kelele ya kweli. Malengelenge yote aliyoungua kwa siku zile yaliamka kwa pamoja, kidole gumba, cha shahada, cha kati, vyote vikiwaka moto. Alikuwa anaruka pale ofisini, analia na kucheka, akimpiga wifi yake mabegani.

"Vinauma, wifi! Vinauma vyote!"

"Sasa mbona unanipiga mimi?" wifi akasema, naye analia.

Mikono ilipopona, alikwenda kwa Haraka kutoa pesa za sabuni. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Haraka alimwamkia kwa heshima, akamsomea kinachotakiwa kubonyezewa, akamgeuzia kioo ajionee. Mama Pasi akainua kidole chake kidogo, na kabla hajakishusha, juu ya kioo kilichokuwa kikavu ikatokea alama moja ya maji, ndefu, haina mkono. Taa ikawaka nyekundu. *Kidole hakitambuliki.* Ikatokea tena pembeni yake. Nyekundu.

Haraka alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Mama, tuache. Tuache leo."

Mama Pasi moyo ulimdunda, asikudanganye mtu. Lakini alishika upindo wa gauni lake, akakipangusa kile kioo mpaka kikang'aa, akainama karibu nacho.

"Panga foleni," alikiambia, "kama wenzako."

Akabonyeza. Na hakuondoka dirishani mpaka risiti ilipotoka yote, akalisoma jina, akaona ni lake.