Siku Ziwa Shiringal Lilipogeuka Jeupe

Nélida Tuanama alikuwa akiponda ndizi za kuchemsha kwa ajili ya kifungua kinywa. Nyumba yao ilisimama juu ya nguzo ukingoni mwa ziwa Shiringal, na kuku walipekua chini ya sakafu. Binti yake Milka, wa miaka sita, alikaa mlangoni akining'iniza miguu.

"Mama, leo tena ndizi na chumvi?"

"Leo tena. Ukitaka samaki, kamwombe samaki mwenyewe."

Milka alicheka. Nélida hakucheka. Samaki walikuwa wameadimika. Zamani mume wake, Abner, alitega wavu mara moja tu akajaza kapu. Sasa alishinda ziwani tangu alfajiri hadi jioni, akarudi na wanne au watano, tena wembamba. Mitumbwi mingi ilikuwa imevua humo kwa miaka mingi kwa nyavu za matundu madogo, ikazoa wakubwa na wadogo.

Basi wiki ile Abner alipoleta gunia zima kabla jua halijapanda, Nélida alifurahi. Siku ya pili aliwatazama wale samaki vizuri. Hawakuwa na alama ya wavu. Hawakuwa na tundu la mkuki. Macho yao yalikuwa yamepauka.

"Baba Milka, umewavua na nini hawa?"

"Nimewaita, wakaja," Abner alijibu, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Hawa ni wa kuuza bandarini. Usitupikie."

"Kwa nini tusile sisi?"

"Nimesema ni wa kuuza. Basi."

Mchana Nélida alikuwa akifagia nyuma ya pipa la maji. Akakuta chupa imefunikwa kwa gunia. Ilikuwa na picha ya fuvu la kichwa. Aliijua. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu wa mpunga, na wao hawakuwa na shamba la mpunga.

Abner aliporudi, alimwonyesha. Abner alimpokonya ile chupa.

"Binamu Segundo ndiye aliyenifundisha. Kikombe kimoja tu kwenye mkono wa ziwa. Samaki wanalewa, unawaokota."

"Na maji tunayokunywa?"

"Maji yanapita, mwanamke! Sasa sikiliza. Ukifumbua mdomo, mimi naenda jela. Utamlisha nini mtoto? Hewa?"

Nélida aliificha siri ile. Tangu siku ile kila sauti ilimtisha. Akisikia injini ya mtumbwi, alidhani ni polisi. Akisikia mtu amekohoa, alidhani ameugua kwa ile sumu. Jirani yake, Bi Orfelinda, alipokwenda kuchota maji, Nélida alimkimbilia.

"Usichote hapa, shoga! Maji yana tope. Chota kule juu."

"Tope gani? Mbona maji ni maangavu kama jicho?" Bi Orfelinda alishangaa. "We Nélida, una mimba nini? Siku hizi unashtukashtuka kama kuku mgeni."

Nélida alijaribu kutabasamu.

Alhamisi Segundo hakuridhika na kikombe. Alimwaga chupa nzima. Nélida alikuwa akianua nguo aliposikia sauti ya Milka kutoka majini, sauti ya furaha.

"Mama! Njoo uone! Samaki wamekuja wenyewe!"

Mkono wote wa ziwa ulikuwa mweupe kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki walielea tumbo juu, mamia kwa mamia. Wengine walikuwa wadogo kama punje. Katikati yao alisimama Milka, maji yakimfika kifuani, amekunja gauni lake kama kapu, amelijaza samaki.

"Toka! Milka, toka humo!"

Nélida aliingia majini akamnyakua. Hazikupita dakika nyingi, mtoto akaanza kutokwa na mate. Akatapika. Jasho likamtiririka na miguu ikamcheza yenyewe. Nélida alimfunua macho. Mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Abner alikuja mbio kutoka ufukweni. Alimbeba mtoto hadi mtumbwini, akawasha injini. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Njia nzima Nélida alihesabu pumzi za Milka. Kila pumzi ilichelewa kuliko ile ya kabla yake.

Mganga wa zahanati aliitwa Rosendo. Alimlaza mtoto mezani.

"Amekula nini? Amegusa nini?"

Abner alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alikuwa amemwona mwanamke aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa. Ni Mama Hermila Pacaya, mkuu wa kamati ya walinzi wa ziwa. Kofia yake ya kamati ilikuwa kichwani.

"Labda ni homa," Abner alisema kwa sauti ndogo.

Nélida alimtazama mume wake. Akilini alimwona tayari yuko gerezani. Kisha akamtazama Milka, ambaye midomo yake ilianza kuwa ya buluu.

"Si homa!" alipiga kelele. "Ni dawa ya mpunga! Imemwagwa ziwani ili kuvua samaki. Mume wangu na binamu yake ndio waliofanya. Mwokoe mwanangu!"

Rosendo alianza kazi papo hapo. Alivaa glavu. Alimvua Milka gauni lililolowa, akalitia kwenye mfuko. Alimwosha mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, nywele hadi kucha. Akamchoma sindano. Baada ya muda akamchoma nyingine.

"Mngesisitiza homa, ningempa dawa ya homa," alisema bila kugeuka. "Angefia mikononi mwangu. Sasa ngojeni nje."

Walingoja. Abner alichuchumaa ukutani, kichwa katikati ya magoti. Mama Hermila alisogea karibu.

"Nitafungwa, mama?" Abner aliuliza.

"Sitakudanganya, mwanangu. Anayevua kwa sumu au kwa baruti anavunja sheria ya nchi. Kifungo chake ni miaka mitatu hadi mitano."

"Kwa ajili ya samaki! Ina maana sheria inawapenda samaki kuliko maskini?"

"Wewe unakunywa maji ya wapi?" Mama Hermila alimuuliza taratibu.

Abner aliutazama mlango wa chumba alimolazwa Milka.

"Wavu wenye matundu mapana unamshika mkubwa, mdogo anapita akakue. Sumu haichagui. Inaua mkubwa, inaua kifaranga, inaua yai, inaua hata chakula cha samaki. Mwakani utavua nini? Na aliyenunua samaki wako kule bandarini, amewapikia nani?"

Abner alianza kulia. Nélida hakuwahi kumwona akilia.

"Yaliyopita hatuyawezi," Mama Hermila aliendelea. "Lakini watu wanachota maji ziwani sasa hivi. Wanaokota wale samaki sasa hivi. Zahanati ina redio ya kuongea na vijiji. Utasema, au niseme mimi?"

Abner aliinuka. Alishika redio kwa mikono miwili.

"Watu wa Shiringal, ni mimi Abner. Msinywe maji ya ziwa. Msioge. Msile samaki wanaoelea, wala msiwape mbwa. Ni sumu. Niliileta mimi."

Kisha akawataja walionunua samaki wake, mmoja mmoja, ili waonywe.

Alasiri Rosendo alitoka. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Ameomba maji. Ya kwenye chupa," alisema. "Atapona."

Nélida aliingia mbio kumwona.

Segundo alitoroka jioni ile kufuata mto, na hadi leo hajaonekana. Abner hakutoroka. Alijipeleka mwenyewe kwa polisi. Jaji alimhukumu miaka mitatu, lakini kwa kuwa alikiri na kusaidia kuonya watu, alikitumikia kifungo hicho nje, kwa masharti. Kila mwezi aliripoti mjini. Kijijini, wengine hawakumsalimia. Bi Orfelinda alikaa miezi mitano bila kumsemesha Nélida.

"Ungeniambia ni sumu," alisema siku ile alipokuja hatimaye. "Tope, tope! Nina wajukuu, Nélida."

"Niliogopa, shoga."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Mkutano wa kijiji ulikubaliana kuufunga ule mkono wa ziwa. Nyavu za matundu madogo zilipigwa marufuku. Kila familia ilitoa mtu wa zamu ya ulinzi, na Abner aliomba zamu ya kwanza. Kwa miaka miwili walivua kwingine, walikula ndizi nyingi, na ziwa lilikuwa kimya.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya manyunyu, Mama Hermila aliwachukua Abner na Nélida kuhesabu paiche. Huyu ni samaki mkubwa kuliko mtu, naye lazima apande juu kuvuta hewa. Mtu mwenye sikio zuri humhesabu kwa pumzi yake.

Walikaa mtumbwini wakisikiliza. Nélida aliogopa kwamba hakuna cha kuhesabu. Halafu maji yakapasuka. Mgongo mwekundu ulitokea, pumzi nzito ikasikika, na kichwa cheusi kikazama polepole.

"Ni dume," Mama Hermila alinong'ona. "Kichwa kimekuwa cheusi kwa sababu analea. Angalieni juu yake."

Majini, juu ya kile kichwa, palikuwa na wingu dogo jeusi likitetemeka. Walikuwa vifaranga, mamia, wamemng'ang'ania baba yao.

"Ndiyo maana msimu huu sheria inakataza kumvua," Mama Hermila alisema. "Ukimuua leo, hawa wote wataliwa kabla ya jioni."

Abner aliweka kasia miguuni pake. Hakuthubutu hata kulitia majini.

"Tungoje apite," alisema. "Ana watoto."