Kisanduku cha Clement Kwenye Muundo

Sokoni Uyole, gunia la viazi la bibi mmoja lilipasuka, na kijana wa sweta la kijivu akainama kulishona kabla hajaombwa. Tupokigwe, aliyekuja kununua viazi, alimpenda hapo hapo. Mikono ya kijana ilijaa makovu ya cheche.

"Fundi wa kuchomelea?" akauliza.

"Wa meli, dada. Naitwa Clement. Kyela, ziwani. Kwetu Kihesa, Iringa, hakuna ziwa; wanadhani nawatania."

Tupokigwe akacheka. Akamwambia yeye ndiye anayepanga kazi za karakana hiyohiyo ya meli, akiwa ofisini Mbeya: bamba lipi likatwe kwanza, injini ishushwe kabla sitaha haijafunikwa.

"Basi wewe ndiye unayetuharakisha," Clement akasema.

Wakapendana, simu asubuhi, simu jioni.

Kisha meneja akamwagiza achore muundo mpya wa karakana, wachomeleaji wote wawe chini ya mipango. Clement angekuwa chini yake, na sheria ya pale ilikataza mkubwa kuoana na anayemwongoza. Aache kazi? Mama yake Tupokigwe alikuwa mgonjwa, akimtegemea yeye. Kila alikogeuka, ukuta. Kwenye mchoro, akakihamishia kisanduku chenye jina la Clement kwenye ukaguzi, unaowajibika kwa mkurugenzi. Hakumuuliza Clement.

"Umenitoa kwenye moto, Tupo," Clement akasema kwenye simu. "Mwenzangu Gideoni nimemfundisha kuchomelea mwenyewe. Leo nikasimame nyuma yake kama mkaguzi nimwambie kata, rudia?"

"Nilitaka tuoane, mpenzi."

"Umenipanga kama bamba."

Akakata simu. Akaomba likizo, akarudi kwao Iringa.

Tupokigwe alimfuata, gauni jepesi, baridi ikimtafuna. Mama yake Clement alifungua mlango.

"Kamwene, mwanangu," akamsalimu kwa Kihehe. Hakuuliza kilichomleta. Alivua blanketi lake mabegani akamfunika, akawaachia chai yeye na Clement.

"Wewe unabaki kwenye kuchomelea," Tupokigwe akasema. "Nimetoka mimi kwenye mipango. Nahamia stoo, iko chini ya uhasibu."

"Ukahesabu misumari? Wewe uliyekuwa ukiiona meli nzima kichwani?"

Machozi yakamtoka. "Sikuona njia nyingine."

"Ungeniuliza, ningeenda ukaguzi mwenyewe."

"Meneja ameshasaini."

 Clement akamsogezea kikombe.

"Kunywa, chai inapoa. Mshenga atakuja kwenu Jumamosi." Akatikisa kichwa. "Na hili la stoo nalo umeliamua bila kuniuliza."

"La mwisho, baba."

"Tutaona."