Sadiki Hakugeuka

Kila akitoka shule, Mwamvita alivua sare, akala, kisha akampa mdogo wake Sadiki simu ya mama. Hapo nyumba ilitulia tuli. Mama yao, Yasmini, alikaanga maandazi ya kuuza bila bughudha, naye Mwamvita akafanya kazi zake za shule. Sadiki alikuwa anakaribia miaka minne na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, lakini nani alijali? Katuni alizitafuta mwenyewe.

"Huyu profesa!" majirani walisema. "Kuongea ataongea tu, wavulana huchelewa." Watu wazima, wenye macho na akili zao, walisema hivyo na mama akavimba kichwa.

Jumamosi moja Mwamvita alienda naye sokoni kununua unga. Alipogeuka kupokea chenji, Sadiki hayupo. Alimtafuta huku akilia, mpaka akaona watu wamejazana kwenye kituo cha bajaji. Katikati alisimama Sadiki, machozi na makamasi yanamtoka.

"Unaitwa nani, mtoto?" dereva mmoja alimwuliza. "Mama yako nani?"

Sadiki alimshika mkono. Alisugua kiganja cha dereva kwa kidole, akitafuta katuni. Watu waliangua kicheko, wakainua simu kumpiga picha. Hakuna aliyemfuta machozi.

"Sadiki!" Mwamvita aliita. Hakugeuka. Akaita tena kwa nguvu. Hakugeuka. Mwamvita alishikwa na hofu kubwa kuliko alipompoteza.

Mama alipoambiwa, aliacha maandazi yakaungua. Jumatatu walienda kliniki. Sadiki alipimwa masikio, yakakutwa mazima.

"Mama, huyu hajazoea kuongea na watu," muuguzi alisema baada ya kusikia habari za simu. "Zimeni simu. Ongeeni naye kutwa."

Aliponyimwa simu, Sadiki alilia, akajigonga ukutani, na majirani wale wale wakamwita mama katili. Mwamvita alimtajia kila kitu: maji, sufuria, kuku. Miezi ilipita. Siku moja mama aliita, "Sadiki!" Mtoto akageuka. "Naam," akaitika.

Mama alimkumbatia, lakini hakutabasamu. "Wenzake wanasoma madrasa, yeye ndiyo kwanza anajifunza kuitika," alimwambia Mwamvita. "Nilitaka kimya, mwanangu, nikamnyima mtoto maneno. Usije ukamnyamazisha mtoto kwa simu."

Jirani yao Recheli alikuwa ameketi pale, mwanawe mchanga mapajani akikodolea simu macho.

"Wa kwangu bado mdogo, hana tatizo," alisema, akaongeza sauti ya katuni.