Sura ya Nne

Mstari ule hakuuchora yeye.

Mpambaji aliuona mara ya kwanza walipoketi kutazama video mpya ya mdogo wake: mstari mweusi, mwembamba kama uzi, ukianzia chini ya mdomo na kushuka hadi kidevuni. Yeye alikuwa amempaka poda nyeupe uso mzima, wanja mzito machoni na rangi nyeusi midomoni, basi. Kazi ya mikono yake aliijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Akamwuliza Fundi Picha kama ameuongeza kwenye kompyuta. Fundi Picha, aliyekuwa akipiga video zao zote na kuzihariri mwenyewe, akasema hata yeye aliudhani ni wa mpambaji, na alikuwa akitafuta nafasi ya kumsifu. Wakacheka. Mstari ulipendeza, na kitu kikipendeza hakuna anayeuliza kimetoka wapi.

Ndugu hawa walikuwa wamebaki wawili tu, wazazi walishatangulia. Mdogo aliitwa Kishindo tangu utotoni, maana hakuwahi kufunga mlango wala kuweka sufuria chini bila mtaa mzima kupata habari. Alipokua akaona afadhali makelele yake yawe kazi, akaimba roki. Mkubwa alikuwa mtu wa brashi na maneno machache, akipamba maharusi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Walipendana kwa namna ya ndugu waliobaki peke yao: waligombana kila asubuhi, na kila jioni waliulizana kama mwenzake amekula.

Video ya kwanza ya Kishindo ilipigwa gereji, naye alivaa ovaroli, uso mkavu, kovu lake dogo juu ya jicho likionekana wazi. Wimbo ulikuwa mzuri, lakini watu waliandika kwamba anafanana na fundi bomba aliyekuja kuzibua choo. Kishindo aliwasomea wenzake maneno hayo huku akicheka kuliko wote. Halafu akaingia bafuni, akafungua maji, akakaa humo saa nzima bila kuoga.

Video ya pili, ile ya uso mweupe na mstari, ndiyo iliyomtoa. Kabla mwezi haujaisha wasichana walikuwa wakijichora kidevu njiani. Kishindo alipopanda jukwaani bila mstari, watu waliudai kwa mayowe, ikabidi dada yake amchoree nyuma ya pazia, mbio mbio, kwa penseli ya macho. Tangu siku hiyo picha ikawa inatangulia, na mtu akawa anaifuata.

Ya tatu waliipiga katika kiwanda cha nguo kilichofungwa. Mpambaji alimsukia mdogo wake taji la nyaya za shaba, akamchora mstari wake, akamwachia kila kitu kingine kama kilivyo. Siku tatu baadaye Fundi Picha alimpigia simu aje peke yake. Alipofika, Fundi Picha alifunga mlango na kumwonyesha. Katika video Kishindo hakuwa na nyusi. Hapakuwa na alama ya wembe wala ya rangi. Paji la uso lilishuka laini mpaka kwenye kope, kama la sanamu ambayo mchongaji hajaimaliza.

"Siku ile alikuwa nazo," mpambaji alisema.

"Najua alikuwa nazo. Nilimpiga kwa karibu kabisa." Fundi Picha akampa hedifoni. "Hilo si kubwa. Sikiliza hapa, kabla hajaanza kuimba. Nimeondoa gitaa na ngoma, imebaki sauti yake tu."

Mpambaji alisikiliza. Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi kabla ya kuimba. Lakini kabla ya pumzi hiyo ilikuwapo nyingine, ndefu zaidi, karibu zaidi na kipaza sauti, pumzi ya mtu aliyejua kuwa sasa ni zamu yake. Kila ubeti ulikuwa hivyo. Kishindo alikuwa wa pili kuvuta pumzi katika wimbo wake mwenyewe.

Hawakumwambia. Kesho yake asubuhi mpambaji alipokwenda kumwamsha, alikuta nyusi za mdogo wake zimelala juu ya mto, mbili, zimejipinda vilevile kama zilivyokuwa usoni. Chumba kilinuka jiwe lililolowa, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi. Kishindo alijipapasa, akajitazama kwenye kioo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba si neno, video ikitoka watu watadhani alikusudia. Na kweli walidhani hivyo, na wakamsifu kwa ujasiri.

Ndipo ikaja ya nne. Kishindo mwenyewe aliomba ipigwe mchana, katika chumba cheupe kisicho na kitu, yeye akiwa hajapakwa chochote, kwa sababu alichoka. Walikuwapo watatu: yeye mbele ya kamera, Fundi Picha nyuma yake, na mpambaji kando, akitazama skrini ndogo iliyounganishwa na kamera ili aone kama jasho linang'aa. Muziki ulipoanza mpambaji aliinua macho akamwona mdogo wake amesimama na fulana yake ya nyumbani, mnyonge, hana nyusi, akiimba. Akayarudisha macho kwenye skrini, na kwenye skrini alisimama mwanamke mwenye nywele nyeusi zilizofika kiunoni, midomo mizito yenye rangi ya ini bichi, macho makubwa mno yaliyoachana kidogo kuliko macho ya watu, mzuri kiasi kwamba moyo uliuma kumtazama, naye hakuwa akiimba, alikuwa amefunga mdomo akimsikiliza Kishindo kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi akisoma somo alilofundishwa, mpaka alipochoka kusikiliza, akageuza shingo taratibu, akaacha kuitazama kamera, akamtazama mpambaji.

Fundi Picha alichomoa waya ukutani. Picha haikuzimika upesi.

Kishindo alikuwa amesogea, naye ameona. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe ni mzuri hivyo."

Kuanzia siku hiyo alianza kufifia. Mpambaji hakuwa na neno jingine la kueleza. Kovu lilitoweka kwanza. Majirani walimpita bila salamu, kisha wakarudi kuomba radhi, eti hawakumwona. Simu yake, iliyokuwa ikifunguka kwa kumwona uso, ikaacha kumtambua. Ajigeuze hivi, ajigeuze vile, ikakataa. Jioni moja, kwa hasira, aliielekeza kwenye bango lake lililobandikwa ukutani, lile la video ya tatu, nayo ikafunguka papo hapo. Kishindo aliketi chini palepale, simu mkononi.

"Dada," alisema, "mimi ni yupi?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpambaji aliuliza huku na huku, akaelekezwa kwa mwanamke mmoja mshona magodoro, aliyesemekana kuwa na elimu ya mambo hayo. Mshona magodoro alifika na sufi nywelini, akawaomba wamsamehe, kazi ni nyingi. Alimtazama Kishindo kwa muda, akamwuliza jambo moja tu: aliomba nini, na aliomba wapi.

Kishindo alilia kabla ya kusema. Baada ya video ya kwanza, siku ile ya bafuni, alisimama mbele ya kioo akasema kwamba yeyote awezaye kumpa sura ambayo watu hawataisahau, basi na ampe, yeye amekubali. Maji yalikuwa yakimwagika kwa nguvu. Hata hivyo alisikia, nyuma ya kisogo chake, mtu akiitika.

"Basi hakukuibia," mshona magodoro alisema. "Jini akikuahidi kitu atakupa. Sisi watu ndio wavivu wa kuuliza masharti. Uso mmoja haubebi sura mbili, mwanangu. Kila alipokuvisha yake, alijivisha yako kipande."

Akawaeleza dawa. Sura zirudishwe kama zilivyokuja, ya mwisho itangulie. Mpambaji amchore mdogo wake ile ya nne, Fundi Picha aipige kwa kamera, kisha ioshwe. Halafu ya tatu, ya pili, hadi wafike kwenye uso mtupu. Alikuja kwa njia ya kamera, atoke kwa njia hiyo hiyo. Mpambaji alipewa makatazo mawili: lolote atakaloambiwa asilijibu, na asijitazame kwenye kioo hata kwa pembe ya jicho, mpaka kazi iishe.

Walifanya kesho yake mchana katika chumba cha mbele, kwenye kiti kile kile cha maharusi. Kioo kikubwa kilikuwa cha kujengewa ukutani, hakikuondoleka. Mshona magodoro aliketi mlangoni akisoma dua kwa sauti ya chini. Mpambaji alichukua brashi, akaanza kuichora sura aliyoiona mara moja tu katika maisha yake, na mkono wake ukaikumbuka vizuri kuliko alivyopenda.

Alipofika kwenye midomo, harufu ya kisima ilijaa chumbani, na chini ya vidole vyake akahisi ngozi ya mdogo wake ikijisogeza yenyewe kuifuata brashi, kama paka anavyousogezea mkono mgongo wake. Macho ya Kishindo yalikuwa yamefumbwa, midomo imefungwa. Sauti ilitoka hata hivyo, ya upole, ya kike, wala haikuwa kubwa kiasi cha kumfikia Fundi Picha.

"Mkono wako mzuri," ilisema. "Mstari wangu wa kwanza niliuiga kwako."

Mpambaji akamaliza, akasogea kando, kamera ikapiga. Akachovya kitambaa majini, akaanza kuosha. Maji yakawa meusi, ingawa rangi aliyotumia ilikuwa nyekundu.

Akaja kwenye ya tatu, akamvika taji la nyaya. Sauti ikarudi. Ilimwuliza kama anakumbuka maharusi wangapi wameketi kwenye kiti hiki. Ilimwuliza kama kuna hata mmoja aliyewahi kukumbuka sura ya mwanamke aliyesimama nyuma yao. Mpambaji akaosha. Akapaka poda nyeupe ya video ya pili, wanja, rangi nyeusi, na alipokuwa akiushusha ule mstari kidevuni, dua ya mlangoni ikipanda, Fundi Picha akinong'ona kwamba kamera inaungua mikononi mwake na hajui ataishika mpaka lini, sauti ilisogea mpaka ikawa ndani ya sikio lake na ikasema, bila ubaya wowote, kama shoga anavyomwambia shoga yake:

"Miaka yote hii unampamba yeye. Wewe nani amewahi kukupamba?"

Mpambaji hakujibu. Mbele za Mungu hakujibu. Lakini aliinua macho, mara moja tu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa, akakitazama kioo.

Aliona mwanamke wa makamo, amechoka, ana poda kwenye kanga. Akayashusha macho upesi, kamera ikapiga, akaufuta uso wa mdogo wake kwa kitambaa, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kitu kama upepo kilipita chumbani, ingawa dirisha lilifungwa. Skrini ya kamera ikawa nyeupe. Harufu ikakatika ghafla, kama mtu amefunika kisima.

Juu ya jicho la Kishindo kovu lake dogo lilikuwa limerudi. Walimpa simu. Ikafunguka.

Walilia wote, hata Fundi Picha, vidole vyake vikiwa na malengelenge. Mshona magodoro alimshika mpambaji mkono, akamwuliza kama aliyashika makatazo yote mawili. Mpambaji aliitika kwamba ndiyo. Ilikuwa siku ya furaha, na kutazama kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi mno.

Miezi minane ilipita salama. Video zote tatu zilizokuwa zimetoka walizifuta, ingawa zilikwisha kuenea mahali kusikofutika. Kishindo aliimba kwenye kumbi ndogo, nyusi zimeota, kamera haziruhusiwi, na wachache waliokuja walikuja kwa ajili ya sauti. Alianza tena kubamiza milango. Dada yake alimgombeza kwa raha.

Asubuhi moja mpambaji alikuwa na bibi harusi kitini. Alimwambia afumbe macho ampake wanja, wakawa wanazungumza habari za ukumbi na za mashemeji. Alipomwambia afumbue, yule binti alifumbua, akaacha kuzungumza. Hakuwa akijitazama yeye kwenye kioo. Alikuwa akimtazama mpambaji.

"Dada," alisema taratibu, "nani amekupamba hivyo?"

Asubuhi ile mpambaji alikuwa amenawa uso kwa sabuni, basi. Hakugeukia kioo. Aliweka brashi mezani, akaomba radhi, akaenda chumba cha nyuma akiwa ameangalia sakafu, akampigia mdogo wake. Akamwambia aje sasa hivi, aje na maji, asiulize kitu.

Kishindo hakuwa mbali. Baada ya muda mfupi mlango wa nyuma ulibamizwa, akaingia anahema, ndoo mkononi, maji yamemlowesha miguu. Alimkuta mwanamke amesimama katikati ya chumba, amemnyooshea mikono yote miwili. Kishindo alimtazama. Alimtazama tena. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaiweka ndoo chini polepole, bila kishindo, kama mtu anavyofanya mbele ya mgeni mzuri asiyemjua.

"Samahani," alisema kwa adabu. "Namtafuta dada yangu. Amenipigia sasa hivi, alikuwa humu."