Mpira wa Maji ya Moto wa Chumba Namba Tisa

Ukelele ulisikika saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Mama Shuka, aliyekuwa akipanga taulo kwenye stoo ya ghorofa ya pili, aliitambua sauti kabla hajajua kisa chenyewe. Ilikuwa ya mdogo wake wa kike, mhudumu mwenzake. Alikimbia kadiri magoti yake ya miaka hamsini na minane yalivyomruhusu, akamkuta amesimama kwenye roshani ya chumba namba tisa, trei ya chai imemwanguka miguuni, vikombe vipande vipande.

"Dada, yuko huko chini."

Mama Shuka akachungulia. Ukungu ulikuwa unaanza kuiachia miamba. Mita kama kumi na mbili chini, kati ya mawe, mgeni wa namba tisa alikuwa amelala kifudifudi ndani ya joho jeupe la hoteli. Hakuhitaji kuulizwa hali.

Watu walipanda kwenye hoteli ile ya mlimani kukandwa mgongo, kuoga maji ya moto na kulala mbele ya meko ya kuni bila kuulizwa chochote na mtu yeyote. Mgeni huyu, bibi mmoja mwalimu mkuu mstaafu ambaye wahudumu wote walimwita Mwalimu, alikuwa amechukua siku kumi za mapumziko. Hiyo ilikuwa ya nne.

Inspekta alifika saa mbili na nusu, viatu vimejaa tope. Daktari wa polisi alikuwa bado amekwama barabarani kwa ukungu. "Na hata akifika, baridi hii itamvurugia hesabu ya saa ya kifo," Inspekta alinung'unika. Akaanza na dereva wa Mwalimu, kwa kuwa alikutwa anaosha gari kwa bidii isiyo ya kawaida. Dereva alitetemeka mpaka ndoo ikatetemeka naye, ila wapishi wanne walisema kwa kinywa kimoja kwamba tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa jikoni akiwamalizia mkate.

Ndipo Meneja akasema lake. Alikuwa amevaa suti nadhifu, sauti ya upole, mtu wa kukuonea huruma hata anapokukata mshahara.

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini nilipita bustanini. Nilimwona Mwalimu kwenye roshani. Alinipungia mkono."

"Una hakika na saa?"

"Nilitazama saa yangu. Nilikuwa nasubiri gari la wafanyakazi, hufika na nusu." Akashusha pumzi. "Sipendi kusema hili, Inspekta, lakini jana saa kumi jioni Mwalimu na huyu binti walitupiana maneno koridoni. Wageni walisikia."

Inspekta akamgeukia mdogo wake Mama Shuka. "Mligombania nini?"

Binti akamtazama Meneja, kisha akatazama sakafu. "Hakuna kitu, afande."

"Gari lililokuleta limefika na nusu. Umepiga kelele saa moja kasoro kumi. Dakika ishirini zinatosha kabisa kumsukuma bibi wa miaka sabini."

Mama Shuka alisogea mbele ya mdogo wake. Mdogo huyu alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akamfunga nepi, akamsomesha, akamtafutia kazi hii. Leo walikuwa wanataka kumtia pingu mbele ya macho yake.

"Inspekta," alisema, "niruhusu niingie chumbani."

"Kufanya nini, mama?"

"Wewe unasoma maiti. Mimi miaka thelathini nasoma vitanda."

Inspekta alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. Alimpa dakika tano na kusimama mlangoni.

Jina la Mama Shuka halikuwa la bure. Wahudumu walisema angeweza kukuambia mgeni aliota nini kwa kutazama mikunjo tu. Kitanda cha namba tisa kilikuwa kimevurugwa, blanketi limetupwa pembeni, mto umelazwa upande. Lakini shuka la chini lilikuwa limenyooka kama lilivyotandikwa. Aliyekivuruga hakuwa amekilalia.

Juu ya meza kulikuwa na kisu cha siagi, ncha yake ina unga mweupe. Mama Shuka aliinua macho taratibu mpaka juu ya dirisha. Pale palipokuwa na tundu la hewa, plasta ilikuwa imekwanguliwa. Aliyaondoa macho upesi. Tundu lile alilijua, na hakutaka kulifikiria.

Akaingia bafuni. Nyuma ya mlango, kwenye ndoano, ulining'inia mpira wa maji ya moto, ule ambao kila jioni huwekwa kitandani kumpasha mgeni miguu. Ulining'inia kichwa chini. Kizibo kilikuwa kimefichwa ndani ya mfuko wake wa sufu. Akautingisha. Akaingiza kidole. Mkavu.

Inspekta akakohoa mlangoni.

"Umeona nini?"

"Nipe mpaka adhuhuri. Usimpeleke popote."

Akamtafuta mhudumu wa zamu ya jioni.

"Jana mpira wa namba tisa uliuweka saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu, Mama. Mwalimu alikuwepo, ametoka kuoga, amevaa joho. Aliniambia nijaze vizuri, baridi inamwingia mpaka kwenye mifupa."

"Chakula cha jioni alishuka?"

"Hapana. Meneja alituambia saa moja na nusu kwamba amelala, tusimsumbue."

Saa tatu na robo Mama Shuka alijaza mpira mwingine, akaumwaga na kuutundika kichwa chini bafuni mle mle. Kisha akaenda ofisini alikowekwa mdogo wake.

"Usinifiche. Mligombana nini na Mwalimu?"

Machozi yakamtoka binti. "Aliniuliza nani aliziba tundu la hewa. Yule kijana aliyefia namba tisa mwaka jana alikuwa mwanawe, Dada. Mwalimu hakuja kupumzika. Mimi nikakana. Meneja alitwambia atakayefungua mdomo atamwaga unga. Mwalimu akanipigia kelele kwamba mimi muongo. Na kweli nilikuwa muongo."

Mama Shuka alimfuta uso kwa pembe ya aproni yake, kama zamani. Aliukumbuka mwaka ule. Wageni walilalamika baridi, Meneja akaagiza matundu ya vyumba vyote yazibwe, meko yakawaka usiku kucha na hewa haina pa kupita. Kijana akakutwa amekufa kitandani. Wakaambiwa moyo wake ulisimama. Mama Shuka mwenyewe ndiye aliyebadilisha mashuka.

Saa sita kasoro robo alirudi bafuni. Mpira wake ulikuwa bado unadondosha, na ndani umelowa chepechepe. Akamnong'oneza Inspekta maneno machache, akamwomba akae kwenye kiti cha kona, kisha akatuma Meneja aitwe.

Meneja alipoingia, Mama Shuka alikuwa amebeba rundo la mashuka mikono yote miwili, na juu yake mpira uliojaa maji.

"Mwanangu, nipunguzie mzigo. Nimwagie huo mpira, mgongo unaniua."

"Mama, na wewe! Wahudumu wote wameisha?" Alitabasamu, akauchukua. Alikuwa akimwita mama tangu siku aliyoanza kazi pale, kijana wa miaka kumi na tisa asiyejua kutandika kitanda. Akaingia bafuni akizungumzia habari ya kufunga chumba. Akafungua kizibo, akamwaga, akaukamua hewa mara mbili. Akakisukuma kizibo ndani ya mfuko wa sufu. Akautundika kwenye ndoano, kichwa chini, kando ya ule mwingine.

Alipogeuka alimkuta Inspekta amesimama.

"Wahudumu wa siku hizi," Mama Shuka alisema, na sauti yake haikuwa imara, "hupeleka mipira kwenye kichanja cha stoo, vizibo kwenye beseni moja. Tangu kichanja kiletwe miaka tisa iliyopita sijamfundisha mtu kutundika hivi. Niliwafundisha watatu. Mmoja amefariki, mmoja alihama. Wa tatu ni wewe."

"Mpira? Mnanishika kwa mpira?"

"Ule wa Mwalimu saa tatu asubuhi ulikuwa mkavu. Wangu tangu saa tatu na robo haujakauka mpaka sasa. Mwalimu angeumwaga saa kumi na mbili asubuhi, ungekuwa unadondosha. Ulimwagwa jana, baada tu ya kuwekwa. Mtu anayelia baridi mpaka kwenye mifupa hamwagi maji ya moto akalala. Jana jioni alikuwa ameshakufa. Sasa nani alikupungia mkono asubuhi?"

Meneja aliigeukia mipira miwili kwenye ndoano.

"Na jana saa kumi na moja na robo," aliongeza Inspekta, "binti alikuwa ameshashuka mlima kwa gari, na wenzake kumi na mmoja."

Meneja aliketi ukingoni mwa beseni la kuogea, suti na yote.

"Alinionyesha plasta kwenye kisu," alisema. "Alisema asubuhi anaenda polisi. Nikamsihi. Nikamshika mkono asitoke, akajivuta kuelekea roshani, nikamsukuma. Sikukusudia, halafu nikawa nimekusudia. Nikavuruga kitanda ionekane amelala. Mpira nadhani ulikuwa ndani ya blanketi. Wallahi sikumbuki hata kuutundika." Akamtazama Mama Shuka. "Ulikuwa unanipiga vidole kwa hanga ya nguo nikiacha kizibo nje."

"Nilikuwa nakupiga," Mama Shuka alisema, akaanza kulia waziwazi. "Na binti yangu ungemwacha afungwe?"

Meneja alinyoosha mikono apigwe pingu. Askari wakamwingiza kwenye gari saa saba mchana, ukungu umeshaondoka kabisa na mlima wote unaonekana.

Mdogo wake alimkumbatia pale kwenye ngazi, akimshukuru huku akilia. Mama Shuka alimwachia polepole. Inspekta alikuwa amefungua daftari lake juu ya boneti ya gari.

"Nahitaji kitu kimoja tu kwa kesi ya yule kijana wa mwaka jana," alisema. "Huyu ametoa amri. Nani mwingine alijua kwamba matundu yamezibwa?"

Mdogo wake alimbana mkono kwa nguvu. Wahudumu wengine walitazama viatu vyao. Mama Shuka alivua aproni, akaikunja mara nne, pembe kwa pembe, akamkabidhi mdogo wake.

"Mimi," alisema. "Andika jina langu."