Mgeni wa Alhamisi

Fundi saa alikuwa na kibanda chembamba, kati ya duka la viatu na duka la simu. Kazi yake aliijua tangu ujana. Lakini siku hizi watu hutazama saa kwenye simu zao, na wachache waliomjia walitaka kubadilishiwa betri tu. Betri haichukui muda. Mteja husimama, hupokea saa yake, hushukuru, huenda zake.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa nchi ya mbali. Alikuwa akipiga simu Jumapili, mtandao ukikubali.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Subiri wakusalimie."

Wajukuu walimsalimia kwa lugha ambayo hakuielewa vizuri. Yeye alicheka tu, nao wakacheka, kisha simu ikakatika. Baada ya hapo wiki nzima ingeweza kupita bila mtu kumuuliza amelalaje.

Magoti yalipoanza kumsumbua, fundi alikwenda hospitali. Huko alikutana na daktari kijana, msichana mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akitafuta watu wenye maumivu ya magoti. Alimkaribisha kwenye chumba kidogo, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamsomea karatasi za maelezo tangu mwanzo hadi mwisho.

Maelezo yalikuwa marefu. Fundi alisikia neno "utafiti." Alisikia "dawa mpya." Mengine yalimpita. Alikuwa akimtazama yule daktari tu, akiwaza kwamba ni muda mrefu hajakaa na mtu aliyemwelekea yeye peke yake namna hii.

"Una swali, mzee?"

"Sina, mwanangu."

"Umeelewa yote?"

"Nimeelewa."

Daktari alikuwa na watu wengine nje wanaomngoja. Akampa kalamu. Fundi akatia sahihi.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi alasiri daktari alikuja nyumbani kwake. Alimpima shinikizo la damu, akamkunja na kumnyoosha magoti, akamwachia vidonge vya wiki, akamuuliza maswali. Umelalaje? Unakula vizuri? Unatembea bila shida? Kuna jambo lolote jipya mwilini? Fundi alianza kuisubiri Alhamisi tangu Ijumaa. Ikifika, alifunga kibanda mapema, akafagia sebule, akanunua maziwa ya chai. Akavaa shati la kutokea.

Siku moja daktari aliona picha ukutani. "Huyu ndiye marehemu mama?"

"Ndiye. Alikuwa mcheshi huyo. Mimi nilikuwa natengeneza saa za watu, yeye ananichelewesha kazini kwa hadithi."

Daktari alicheka. Fundi alikumbuka kicheko kile siku kadhaa.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

Mwanzo alidhani ni uchovu. Alishika kibano, ncha yake ikacheza. Skruu ndogo kama punje ya mchanga ikamtoka, ikapotea sakafuni. Akaitafuta kwa magoti na kurunzi, asiipate. Wiki iliyofuata akaanza kuona kizunguzungu kila alipoinuka. Moyo nao ulimwenda mbio bila sababu.

Alhamisi ikafika.

"Kuna jambo lolote jipya mwilini, mzee?"

Fundi aliweka mikono chini ya mapaja yake. "Hakuna, mwanangu. Niko vizuri kabisa. Kunywa chai, inapoa."

Hakuwa mtu wa kusema uongo. Lakini aliwaza: nikisema dawa inanisumbua, wataniondoa. Wakiniondoa, nani atapanda ngazi hizi kuja kuniuliza habari? Akaendelea kumeza vidonge. Akaendelea kujibu, "Niko vizuri."

Asubuhi moja alikwenda kuchota maji kwenye bomba la uani. Alipoinua ndoo, dunia ikazunguka. Akaanguka, maji yakammwagikia, na paji la uso likagonga ukingo wa saruji.

Aliyemkimbilia alikuwa jirani wa chumba cha chini, muuguzi wa zahanati iliyokuwa karibu na soko. Walikuwa wakisalimiana mlangoni tu, kila mtu na hamsini zake. Muuguzi alimkalisha, akamsafisha jeraha, akamshika mkono kumpima mapigo ya moyo. Akauona mkono unavyotetemeka.

"Kaka, unatumia dawa gani?"

"Za hospitali. Za magoti."

"Zinaitwaje?"

"Sijui. Hazina jina. Kopo lina namba tu. Daktari wangu huniletea."

"Uko kwenye utafiti?"

"Walisema hivyo. Ni matibabu mazuri, wananifuata mpaka nyumbani."

"Kaka, ngoja tuelewane. Matibabu ni pale daktari anapokupa dawa ambayo imeshajaribiwa, kwa ajili yako wewe. Utafiti wa dawa mpya ni tofauti kidogo. Hapo wanataka kujua: dawa hii inasaidia? Inadhuru? Bado hawajui. Ndiyo maana wanakuuliza. Wengine hata hupewa kidonge kisicho na dawa ndani, ili walinganishe."

"Kisicho na dawa? Wanatudanganya?"

"Hapana. Wanatakiwa kukueleza hayo kabla hujakubali. Hawakukueleza?"

Fundi aliangalia maji yaliyomwagika. "Labda walieleza. Sikuwa nikisikiliza sawasawa."

"Na huku kutetemeka umemwambia daktari?"

Fundi aliinama kuokota ndoo. Muuguzi akaelewa.

"Mbona umemficha?"

"Dada, nikisema, hatakuja tena." Alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Na kazi yake nitaiharibu. Ni msichana mzuri. Ana bidii."

Muuguzi hakucheka. Alikaa ukingoni mwa bomba, karibu naye. "Kuficha ndiko kunakoiharibu. Ukisema uko vizuri, ataandika kwamba dawa haina madhara. Kesho dawa hiyo atapewa mama anayepika na mtoto mgongoni. Naye aanguke kama ulivyoanguka wewe, lakini yeye aangukie moto."

Fundi alijipangusa uso.

"Una haki ya kuuliza chochote, wakati wowote," muuguzi aliendelea. "Una haki ya kujitoa hata leo, na huhitaji kutoa sababu. Ukijitoa, hospitali haikunyimi matibabu yako ya kawaida. Kwenye karatasi zako kuna namba ya simu ya kupiga ukipatwa na jambo. Tupige sasa hivi. Hili si la kungoja Alhamisi."

Walipiga. Daktari aliwaambia asimeze kidonge kingine, aje hospitali mara moja. Muuguzi alimsindikiza. Walimpima moyo, wakampiga picha ya kichwa, wakamweka chini ya uangalizi hadi mapigo yalipotulia. Kisha daktari kijana akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Pole, mzee. Ilianza lini?"

Safari hii fundi alimweleza yote. Mikono, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Akamwambia pia kwa nini alificha. Hilo lilikuwa gumu kuliko mengine, akalisema akiwa ametazama dirisha.

"Nilikuuliza kama umeelewa, nikaridhika na neno moja," daktari alisema. "Nilipaswa kukuomba unieleze kwa maneno yako mwenyewe. Hapo ningejua. Nilikuwa na haraka. Nisamehe, mzee."

"Mwanangu, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Yale maswali. Umelalaje, unakula vizuri. Huwa unawauliza wote?"

Daktari angeweza kumpa jibu tamu. Hakufanya hivyo. "Ndiyo. Nawauliza wote, kwa maneno hayo hayo. Ni kazi yangu."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Alijiona mjinga, na shati lake la kutokea, na maziwa yake ya chai.

"Lakini habari za marehemu mama hazimo kwenye maswali," daktari alisema. "Hizo nilikuuliza mwenyewe."

Fundi aliamua kujitoa. Daktari alikubali bila kumbembeleza. Aliendelea kumfuatilia kwa muda, hadi mikono ilipotulia na vipimo vyote vikawa sawa, kisha akamkabidhi kwa kliniki ya kawaida. Huko alipewa dawa iliyozoeleka na mazoezi ya kunyoosha magoti. Magoti hayakupona kabisa, ila alipanda ngazi bila kusimama katikati.

Alhamisi ya kwanza bila mgeni ilikuwa ndefu. Alifunga kibanda mapema kwa mazoea, akafika nyumbani, akakumbuka. Akarudi tena kibandani, akakaa.

Taarifa yake haikuishia hapo. Daktari aliipeleka kwenye kamati ya maadili, yaani watu wanaosimamia usalama na haki za wanaoshiriki katika utafiti. Kamati ikaamuru utafiti usimamishwe kwanza. Washiriki wote wakaitwa na kuulizwa upya, bila haraka. Wengine kadhaa wakakiri kwamba nao waliona kizunguzungu wakakaa kimya. Mmoja aliogopa kumuudhi daktari. Mwingine alidhani ni uzee. Kipimo cha dawa kikapunguzwa, na maelezo yakaandikwa upya.

Kabla ya kuyatumia, hospitali iliomba watu wa kawaida wayasome na kusema wapi hawaelewi. Fundi aliitwa. Alikaa kwenye meza ndefu pamoja na mshonaji, dereva wa lori na mwalimu wa chekechea. Daktari kijana alikuwa mwisho wa meza na kalamu yake. Wakasoma mstari kwa mstari. Mshonaji akakataa neno moja, likabadilishwa. Dereva akasema sentensi ni ndefu mno, ikakatwa.

Fundi akainua mkono. "Mimi nataka kuongeza kitu."

"Sema, mzee. Naandika."

Alifikiri kidogo, akipanga maneno.

"Andika hivi. Anayekuja nyumbani kwako kukuuliza hali amekuja kwa kazi ya utafiti. Kazi ikiisha, hatakuja tena. Mwambie ukweli wote, hata kama unapenda aje."

Mshonaji aliinamisha kichwa; naye alikuwa mjane. Daktari aliandika pole pole, akamsomea tena kuhakikisha hajakosea.

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo hivyo," fundi akasema. "Usipunguze kitu."